Seli Kavu

Ibra, Agosti, saa nane mchana.
Kiyoyozi kinakoroma, uani hakuna hata kunguru,
na Mundhir kanijia na kurunzi iliyokufa:
"Mama, kifo chake kimo wapi?"

Nikatandika gazeti mezani jikoni.
Nikamvika glavu zangu za kuoshea vyombo,
zikamvuka viwiko.
Si kila betri hufunguliwa, nikamwambia;
hizi nene za kaboni tu, tena nami nikiwepo.
Koleo. Ganda likalia kri, kri.

Ndani: karatasi iliyolowa,
unga mweusi kama masizi ya shimo la shuwa,
na katikati kijiti cha kaa kimesimama,
hakina jeraha, kama mgeni asiyejua kuna msiba.
Lakini kopo la zinki!
Limetoboka, ukilishika linamong'onyoka.
"Nani kalila?"

Tunasema kikulacho ki nguoni mwako.
Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyoliwa.
Kila usiku ulipotafuta kandambili zako kwa kurunzi
zinki iliyeyuka chembe kwa chembe,
ikaziachia elektroni zake,
zikatokea mlango wa nje, zikapita kwenye taa,
zikaingilia kwa kijiti, unga mweusi ukazipokea.
Nilisema kama mjuzi.
Nimeyasoma jana usiku kitabuni mwake,
Kiarabu kwa kidole,
mimi niliyeacha shule Wete, kidato cha pili.

Akanyamaza. Kisha: "Tutengeneze yetu."

Akachota lumi mtungini, limau lililokauka likawa jeusi,
akalidunga kipande cha zinki upande huu,
waya wa shaba upande ule.
Mita ya baba yake: sifuri.
Akaligeuza. Sifuri.
Akanitazama kana kwamba nimemdanganya.

Nikalitia bakulini, maji ya moto na chumvi,
tukangoja mpaka adhana ya alasiri.
Tulipolidunga tena namba zikaruka, zikayumba,
zikatulia: sifuri nukta nane na kitu.
Haiwashi hata kurunzi.
Mundhir akaruka kama aliyewasha mji.

Wameiita seli kavu, mwanangu,
na ikikauka kweli, basi.

Lumi lile nimelitupa, mtu asije akalitia mchuzini.
Kijiti cha kaa kakificha.
Asubuhi nikakuta ukuta wa uani
umeandikwa jina lake kwa Kiarabu,
na chini yake, kwa Kiswahili cha herufi za kubahatisha:
ZINKI, POLE.