Siku Mia na Ishirini

Shangazi Bukuru kaja na gari la kwanza toka Mwandiga,
viganja vyekundu hadi kwenye mikunjo;
jana kutwa walikamua mawese.
Nikamwambia, lete kidole. Akacheka:
"Utajuaje ipi damu, ipi mafuta?"

Damu huganda.

Nikaitandaza kwenye kioo, nikainamia lenzi,
nazo hizo, chembe zake,
zimebonyea katikati kama tonge la ugali wa muhogo
lililobonyezwa gumba kuchota mchuzi.
Hazina kiini. Hazina fundi wa ndani.
Kinachochanika humo hakishonwi.
Siku mia na ishirini hubeba hewa
toka kifuani hadi ukucha wa mguu,
kisha wengu huzipokea, kimya, bila matanga.

Sukari ikizikuta njiani, hunata.
Vijiko vitano kwenye kikombe cha bati,
asubuhi, na saa kumi, na mgeni akija,
na kwake wageni hawaishi.
Haioshwi ile. Huganda mgongoni mwa chembe
mpaka siku yake ya mwisho,
ndiyo maana karatasi hii inajua
alichokunywa tangu mahindi yakiwa machanga.
Ulimi ulisema umeacha.
Damu haikuambiwa.

Na palipo na sukari nyingi pana kutu,
hutafuna ngozi ya chembe hadi ikakamae,
ishindwe kujikunja kupita vichochoro vya jicho,
vichochoro alimopotelea Butoyi, pacha wake,
aliyetutambua kwa sauti miaka yake miwili ya mwisho.

Mwili una walinzi, nikamweleza,
hukubali kuungua wao ili chembe isiungue.
Wengine tunawala: kwenye mchicha, kwenye mapera,
hata kwenye wekundu huo wa mawese.

Akaninyoshea viganja. "Basi nimepona!
Kumbe dawa naikamua mwenyewe."

Hapana, shangazi.
Mgambo mmoja halindi soko zima.
Vidonge umeze. Vijiko vipungue.

Akaomba naye achungulie. Akakaa hapo, jicho moja kafumba,
mpaka foleni ikaanza kukohoa.
"Hizi zinakufa lini?"
Miezi minne hivi, zote zitakuwa zimepita.
"Na zitakazozaliwa usiku huu, hazijaonja kitu?"
Bado.

Akajifunga kanga, akaacha dole jekundu kwenye kitasa.

Jioni simu: "Chai bila sukari
ni maji ya kuoshea sufuria, mwanangu."
Kimya kidogo. Kuku wanasikika.
"Nimeimaliza, lakini."