Rasimu ya Tatu

Balozi amelala. Anakoroma kama jiwe la kusagia.
Mimi, Frano, mwana wa mshona viatu wa Raguza,
nimeachiwa mshumaa, wino na amri moja:
"Msifu Malkia. Seneti hupenda kusoma sifa."

Rasimu ya kwanza niliianza kwa desturi:
shingo ya bata-maji mweupe, meno lulu,
nyusi upinde, nyayo zisizolaza hata unyasi.
Nilizitoa katika kitabu cha msafiri mmoja
aliyemsifia malkia wa kisiwa fulani,
naye alizitoa kwa mwenzake, wa kisiwa kingine.
Ni joho la kuazima. Huvishwa kila malkia,
na bado halijamkaa hata mmoja;
na nguo ya kuazima, tunajua, haisitiri.

Ya pili nikaandika nilichokiona.
Kwamba Borbala wa Kerevar ni mfupi.
Kwamba ndui ilimpitia shavuni
ikaacha alama kama matone ya mvua mchangani.
Kwamba hakutupokea ukumbini, alitupokea ghalani,
theluji mabegani, kalamu sikioni,
akihesabu magunia ya shayiri,
maana mume kafa, mtoto ana miaka minne,
na majirani watatu wameshaanza kuulizia,
kwa upole sana,
mpaka unapita wapi.

Balozi alipiga goti juu ya makapi.
Akakunjua hotuba yake ya Kilatini, kurasa saba:
jua, mwezi, nyota ya kaskazini.
Malkia alisikiliza mpaka nukta ya mwisho,
kisha, kwa Kilatini kilichonyooka kuliko chetu:
"Bwana Balozi, nyota hazitozwi ushuru.
Tuzungumzie chumvi."

Siku tatu tukazungumzia chumvi.
Alitupunguzia sarafu moja kila gunia,
akaichukua maradufu kwenye nta,
nasi tukatoka tukishukuru.

Na usiku wa mwisho, mlango haukufungwa vizuri,
nilimwona akimfundisha mwanawe kupiga muhuri.
Kakishika kile kimkono ndani ya mkono wake.
Nta ya moto ikamdondokea yeye, juu ya kidole gumba.
Hakuutoa mkono. Alingoja mpaka muhuri ukae.

Balozi aliisoma hiyo ya pili. Akacheka, akafuta.
"Ndui, Frano? Ghala?
Seneti itasema mwanamke katushinda bei."
"Katushinda," nikasema.
"Basi mfanye mrembo.
Kushindwa na urembo si aibu."

Ndipo nikaelewa lulu zote zile,
visiwa vyote vile, na mabalozi waliorudi
mikono mitupu, vitabu vimejaa nyusi.

Sasa hii ya tatu. Nimeirudisha shingo.
Nimeyarudisha meno, yote thelathini na mawili,
ingawa nilihesabu pengo moja alipocheka.
Ila katikati ya lulu na upinde
nimepenyeza mstari mmoja mwembamba:
*mkono wa kulia, gumbani, ana alama nyekundu.*
Balozi atadhani ni yakuti.
Seneti itauliza yakuti hiyo ni ya thamani gani.

Mshumaa umebaki kisiki.
Nje farasi wetu wanatafuna shayiri ya Kerevar.
Nasikia meno yao gizani, polepole, bila haraka.
Hiyo nayo imo kwenye hesabu.