Mke Mwenza

Siku Veijo aliporudisha kitambulisho cha kampuni
wakampa keki, saa ya ukutani na makofi,
nikasema moyoni: basi, mke mwenza wangu kazikwa leo.

Miaka thelathini na minne alikula usiku wangu.
Hesabu za bima, faini za waliochelewa kulipa,
simu saa nane: mfumo umelala, Veijo, njoo uuamshe.
Alfajiri hurejea akifuata mto, Oulu nzima imelala,
uso umekunjwa kama barua ya madai.

Wiki tatu alipasua kuni.
Akapaka rangi banda la kuni. Akalipaka tena.
Akakaa jikoni, vidole vikigonga meza tupu,
nami nikajifanya sisikii.

Ndipo Novemba ikaja, baridi ikachora kwenye kioo
majani yasiyo na mti,
nikamsikia anauliza, wala si mimi, anakiuliza kioo:
“Unajuaje pa kugawanyika?”

Kaishusha darini kompyuta ya zamani,
ile iliyong’oka herufi K.
Sasa anaandika programu ya kuchora jalidi:
punje moja inatangatanga gizani
hadi iguse mwenzake, igande hapo,
kisha nyingine, na nyingine,
kitanzi ndani ya kitanzi.

Mjukuu wetu Iiris kauliza, “Inauzwa bei gani?”
Babu yake akamtazama
kama aliyeulizwa bei ya mbwa wake.

Juzi kafuta mistari mia mbili
iliyokuwa ikifanya kazi vizuri tu.
“Ilikuwa na haraka,” kasema. “Ilinuka ofisi.”

Na usiku wa kuamkia leo, saa tisa,
nikashtuliwa na kicheko.
Kicheko hicho nakijua. Nilikisikia chuoni,
alipoiamuru mashine kubwa kama kabati
ichape Hilkka, Hilkka, Hilkka
mpaka karatasi za idara nzima zikaisha
na profesa akamfukuza darasani.
Tangu hapo, miaka yote ya mshahara,
sikukisikia tena.

Nikavaa soksi, nikaenda.
“Sogea,” nikamwambia, “nione.”
Dirishani jalidi ya Mungu ilikuwa imeshika kona mbili.
Ya Veijo bado ilipinda kushoto,
haikujua kusimama, ikapanda hadi nje ya skrini,
naye anacheka tu, machozi yanamtoka.

Nikabandika kahawa.
Bila kufikiri nikatoa vikombe vitatu.