Mkato

Kule Nairobi majaji saba
wanabishania mkato mmoja:
je, neno "makao" linalitegemea linalofuata,
au limesimama kivyake?

Dorsila Akumu, mlalamishi wa tatu,
anasikiliza kwa simu ya mwanawe
hapa Nyalenda, ameukalia msingi,
kitu pekee kilicholishinda tingatinga.
Anapima omena kwa gorogoro lililobonyea.

Asubuhi alimuuliza karani wa wakili:
"Huo mkato wenyewe una ukubwa gani?"
Karani akacheka, kisha akaona haya,
akamchorea kiganjani kwa kalamu.
"Kumbe jicho la omena," akasema Dorsila,
"lenye mkia."

Saa kumi. Hukumu itatolewa kwa notisi.
Mvua inanyemelea kutoka ziwani.
Anafunika beseni, ananawa
mkono mmoja.