Kasha Lipi

Stan Wojcik kaniachia funguo na agizo moja:
kila santuri na kasha lake, kabla hakujapambazuka.
Jazi dirishani. Soul ukutani. Injili chini,
karibu na bomba la joto linalokoroma usiku kucha.
Buffalo ina theluji hadi magotini,
na mimi nina sanduku la marehemu Verdell Gaskins
lililoletwa na mpwa wake kwa dola arubaini.

Ya kwanza, sitini na mbili: kwaya ya kanisa, mtaa wa Jefferson.
Wanaimba thelathini, unamsikia mmoja.
Si kwamba anapaza. Anachelewa,
nusu ya pumzi nyuma ya wenzake,
kama mtu anayefunga mlango wageni wote wakishatoka.
Injili, basi. Chini.

Ya pili ni ndogo, ya nyimbo mbili, ina ufa ukingoni.
Upande wa kwanza anamfukuza mwanamume:
chukua viatu vyako, chukua na mbwa wako, redio iache.
Upande wa pili anamwita arudi,
sauti ileile, studio ileile, mchana uleule,
na ukiniuliza upande upi ni wa kweli
nitakuuliza: wewe hujawahi kupenda?
Soul, yaani roho. Ukutani.

Halafu sabini na moja: piano, besi,
ngoma zinazopanguswa kwa brashi.
Hapa maneno yanamwishia katikati ya wimbo
naye hajali; anashika silabi moja,
anaimenya kama karanga,
anatupa ganda, anatupa na karanga yenyewe,
anabaki na ule mlio wa vidole.
Jazi? Ningesema jazi,
lakini ubeti wa mwisho anarudi kanisani bila kupiga hodi.

Kampuni ya Chicago haikujua imuuze wapi.
Mpwa wake alinieleza, akijipangusa theluji mabegani:
"Redio za soul zilisema anafikiri mno.
Vilabu vya jazi vikasema anatoka jasho mno.
Shangazi akaimba tangazo la mkate.
Mkate ndio uliolipa nyumba."
Limo humu pia, tangazo hilo, sekunde ishirini na nane,
na Mungu wangu,
sijawahi kuutamani mkate namna ile.

Disko, sabini na nane. Jalada linametameta.
Fidla zimemfunika kama blanketi la hospitali.
Sikuisikiliza yote.

Mwisho kabisa ni utepe, hauna picha wala jina la studio,
mwandiko wake tu: baa ya hoteli, Jumanne.
Glasi zinagongana. Mtu anacheka pasipofaa.
Kabla hajaanza anamwambia mpiga ngoma:
taratibu, mwanangu, hatukimbilii basi.
Kisha anauimba ule wimbo wa viatu na mbwa.
Sasa ana miaka sitini na koo la changarawe,
hamfukuzi mtu tena. Anahesabu tu vilivyobaki.
Redio. Redio ipo.

Mama yangu alifundisha Kiswahili shule ya msingi, Korogwe.
Kila jina lina nyumba yake, alisema, chaki hadi kwenye nyusi:
ki na vi, m na wa, ji na ma.
Ila yapo majina yasiyobadilika, yawe moja, yawe mia.
Sauti, kwa mfano.
Sauti yake. Sauti zake.
Neno limesimama palepale;
ni linalofuata ndilo linalohangaika.

Saa mbili asubuhi Stan anakung'uta buti mlangoni.
Anayatazama makasha, anatazama sanduku tupu.
"Gaskins umemweka wapi?"

Nimekesha nalitafuta jibu, na sina.
Namwonyesha ile ndogo yenye ufa, ingali inazunguka,
sindano inafika mahali palepale, inaruka, inarudi:
chukua, chukua, chukua