Akiba ya Mshono

Mimi si mganga. Naandika namba tu.
Daftari langu, jalada limeliwa na mende,
lina viuno vya nusu ya Majengo,
na kiuno cha Yerusa kimo mara sita
kwa mwaka mmoja.

Januari: arobaini na mbili.
Alishuka kwenye bajaji na kitenge cha yadi sita,
rangi ya zabibu za Hombolo zilizopitiliza kuiva.
"Fundi, shona thelathini na sita.
Harusi ya mdogo wangu ni Pasaka. Nitaingia."
Nikamuuliza ni nani atakayeingia.
Akacheka. Nikashona arobaini na mbili,
nikaacha akiba ya vidole viwili kila upande,
kwani mama yangu kule Mvumi alinifunza
kuwa mwili ni mgeni arudiye bila hodi.

Machi akaja amenyauka kama mlenda ulioanikwa.
Ndimu na maji ya moto, siku ishirini na moja,
ugali hakuugusa hata kwa kuunusa.
Nilimpima akiwa ameshika ukuta.
Thelathini na nane. Nikapunguza.
Picha za harusi zilitoka nzuri. Keki aliitazama.

Mei, zipu imekatika mgongoni.
Arobaini na tatu. Nikaachia.

Julai ilikuwa chai,
pakiti ya kijani isiyo na jina la aliyeitengeneza.
Kijana aliyemuuzia pale stendi
alikuwa na picha mbili za mwanamke: kabla, na baada.
Niliziangalia kwa jicho la fundi.
Mabega hayakuwa ya mtu mmoja.
Sikusema. Nani humuuliza fundi habari za mabega?
Chai ikamkimbiza wiki mbili huko ofisini Mtumba,
yeye ghorofa ya tatu, choo kizima ghorofa ya kwanza.
Thelathini na tisa. Nikapunguza.

Septemba: arobaini na nne.

Sasa nikwambie jambo la kitambaa.
Ukifumua mshono, tundu la sindano halizibi.
Ukifumua tena, tundu linapata jirani.
Mara ya nne kitenge kimekuwa chujio,
na ile akiba si akiba tena, ni makovu.
Niligeuza gauni ndani nje, nikamwonyesha.
"Yerusa, nguo imechoka kuliko wewe."
Akapitisha kidole juu ya matundu, polepole,
kama mtu asomaye barua ya deni.

Alikwenda Makole, kwa mtu wa lishe,
bwana mmoja Chilongani, mwenye sauti ya chini.
Hakumuuzia kitu. Hilo ndilo lililomshangaza.
Alimuuliza chupa ya mafuta huisha baada ya siku ngapi,
analala saa ngapi, soda ni za nini,
na bibi yake alikuwa akila nini.
Haya alinisimulia nikiwa na pini mdomoni.
Ugali wa uwele, ila wa ngumi moja.
Mlenda, maharage, papai likiwepo.
Kushuka kituo kimoja kabla, kumalizia kwa miguu,
upepo wa Dodoma ukimtia vumbi hadi kwenye kope.
Mizani mara moja kwa mwezi, si kila alfajiri.

"Mpango huo unaitwaje?"
"Hauna jina," akasema. "Ndiyo maana nimeuamini."

Desemba: arobaini na mbili.
Mwaka mzima, na tuko pale tulipoanzia.
Niliogopa kuitamka. Aliisoma mwenyewe kwenye futi kamba,
akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaniaga.

Leo ni Januari tena.
Arobaini na moja na nusu.
Ameleta kitenge kipya, cha bluu, cha bei ya kawaida.
"Mshonee huyu aliyesimama hapa," amesema.
Nimekata. Nimeacha vidole viwili kila upande,
maana akiba haiozi,
naye hakuniuliza ni ya kwenda wapi.

Bajaji imempigia honi mlangoni.
Ameipungia mkono ipite.