Usemi wa Taarifa

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari huko Barani,
Mwalimu Baya, ambaye ubaya wake ni jina tu,
anatufundisha wakati ujao wa Waingereza.

Sisi, asema, tumeridhika na -ta- moja.
Nitakula, nitakufa, nitakupigia,
zote zimeshonwa kwa kitambaa kimoja.
Wenzetu wana kabati zima.
Kuna ya aliyeamua papo hapo, simu ikiita: nitapokea mimi.
Kuna ya aliyeona wingu limeshaielemea Sabaki.
Kuna ya mwenye tikiti mfukoni na saa ya basi.
Na kuna moja ya ajabu, imesimama kesho kutwa
ikageuza shingo kuitazama kesho:
kufikia Desemba nitakuwa nimeshalipwa.
Huo mfano niliutunga mimi.
Darasa lilicheka. Famau wa bodaboda alipiga meza.

Miaka tisa nimefua mashuka ya hoteli ya Sinyora.
Kitaliano nilikiokota bure,
kama vifungo vinavyobaki ndani ya mashine.
Kiingereza nakilipia mia mbili kila kipindi
kwa sababu fomu ya ofisi ya kazi niliyopewa ni ya Kiingereza,
na ina mstari mmoja mrefu:
eleza mwajiri alisema nini.

Wiki ya tatu tulisoma matangazo.
Mwalimu alileta kijitabu cha rangi, na picha nikaijua.
Mashuka yangu yale, yamekunjwa umbo la bata.
Hatua chache kutoka ufuoni:
hizo nimezihesabu, mia sita na arobaini, na tundu la uzio.
Utulivu, yaani jenereta limezimwa.
Huduma ya kifamilia, yaani hakuna aliyepewa mkataba.
Likizo isiyosahaulika.
Hapo sikubisha.

Kisha ukaja usemi wa taarifa.
Ukisimulia maneno ya mtu, asema Mwalimu,
kila kitu hurudi nyuma hatua moja.
Hapa huwa pale. Leo huwa siku ile.
Kesho huwa siku iliyofuata.
Na ile nita- yake, akaiandika ubaoni, akaikata mstari,
huvuliwa ujao, ikasinyaa, ikawa kitu kama ange-,
mfano wa sufi iliyotiwa maji ya moto.

Nikainua mkono.
Mwalimu, Sinyora alisimama penye kamba za kuanikia,
tarehe ishirini na nane, miwani kichwani,
akasema: nitawalipa nyote mwezi ujao.
Kwetu nikisimulia nasema, alisema atatulipa.
Ile -ta- iko palepale.
Imekaa kizingitini, miguu imenyoosha, kama mdai.
Ninyi mkishairudisha nyuma, nani ataidai?

Feni tu ndiyo iliyosema.
Karembo, mwenzangu wa kufua, akavitazama viganja vyake.
Mwalimu Baya akajifuta chaki kwenye suruali.
Ipo ruhusa, akasema, iko chini kabisa ya ukurasa,
wengi hawafiki.
Jambo likiwa lingali kweli wakati unapolisimulia,
unaweza kuliacha lilipo.

Nilirudi Maweni daftari likiwa kwapani.
Watu sita, miezi minne.
Jumla niliiandika kwa tarakimu, lugha isije ikaigusa.
Hoteli imepewa jina jingine; bango jipya lang'aa getini,
tutafungua hivi karibuni, tarehe haina,
na mimi, nikipita na ndoo yangu,
najiuliza hiyo imetolewa rafu ipi ya kabati.

Kwenye mstari mrefu wa fomu niliandika polepole,
herufi zikiachana kama nguo kambani,
alisema,
na ile nita- nikaiacha wima, mbichi, vilevile.

Karani aliweka ncha ya kalamu penye kitenzi.
Hiki, mama, si kimepita?
Nikamjibu kwa Kiswahili.
Bado.